Bado Hajalala

Mkaguzi hakuwa mkaguzi wa kitu chochote. Kazi yake ilikuwa kusaga lenzi katika chumba cha nyuma cha duka la miwani, ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na kliniki ya masikio. Jina hilo alibandikwa na kinyozi wa mtaani kwao, siku alipoisimamisha filamu ya watu katikati. Watu walikuwa wamejibanza kwenye mabenchi ya kinyozi wakiogopa kwa raha zao, na mzimu ndio kwanza unatoka kabatini. Mkaguzi akainuka, akaweka kidole kwenye kioo cha televisheni, akawaonyesha pembeni kivuli cha mpiga picha, na kofia yake kichwani. Uoga ukaisha hapo hapo. Mzimu ukabaki umesimama mdomo wazi, kama mtu aliyefika kwenye sherehe siku isiyo yake.

Kuanzia hapo akawa Mkaguzi, na ubaya ni kwamba jina alilipenda.

Alizidharau filamu za kutisha za siku hizi, na hakuibagua hata moja. Mizimu ya siku hizi, alisema, inatoka saluni: nywele zimechanwa kwa saa nzima ili zionekane hazikuchanwa, kucha zimepakwa uchafu kwa ustadi mkubwa. Muziki unamshika mtazamaji mkono kama kipofu anayevushwa barabara, sasa ogopa, sasa pumua, sasa ogopa tena. Na lazima awepo binti anayesikia kishindo stoo, taa zimezimika, naye badala ya kutoka nje kama mtu aliyelelewa, anashuka peku akiuliza kama kuna mtu. "Akiwepo amjibu nini?" Mkaguzi aliuliza kila mara. "Karibu chai?"

Watu walicheka. Wale wale waliocheka ndio waliozipenda filamu hizo, hivyo walikuwa wanajicheka wenyewe. Yeye alilijua hilo, na lilimfurahisha kuliko kicheko chenyewe.

Alichokiheshimu kilikuwa kidogo na hakuna mwingine aliyekikumbuka: filamu za watu wasio na hela, na vipindi vya televisheni vya utoto wake ambavyo hata kituo chenyewe kilikuwa kimevisahau. Kulikuwa na kile cha watoto, cha vikaragosi vilivyoshonwa kwa soksi. Kimoja hakikuwa na macho wala mdomo. Hakikusema neno, kilikaa tu nyuma ya wenzake wakati wanafundisha kuhesabu, kisha siku moja hakikuwepo na hakuna aliyekiulizia. Kulikuwa na tangazo la usafi, mtu aliyeumbika kwa nzi watupu anabisha hodi nyumba kwa nyumba kwa adabu kubwa, tangazo lililowafanya watoto wa mtaa mzima wakatae kuwafungulia mlango hata shangazi zao. Na kulikuwa na mchezo wa kisima. Kila wiki kamba ilishuka kidogo zaidi, hadi jioni ya sehemu ya mwisho, kamba imeshafika chini na kuna kitu kimeishika, kituo kikaonyesha mpira. Sehemu hiyo haikurushwa tena. Mkaguzi, mtu mzima na ndevu zake, hadi leo hawezi kuitazama mechi kwa moyo safi.

Hoja yake ilikuwa kwamba kitisho cha kweli hutengenezwa na watu walioishiwa. Asiye na taa za kutosha hukuacha gizani kwelikweli. Asiye na vazi la zimwi hulificha zimwi, nawe unalishona mwenyewe kichwani kwa vipimo vyako. Hapo, tusimnyime haki yake, alisema kweli. Tabu ni kwamba mtu akiwa na akili katika jambo moja, huona amepewa kibali cha kuwa nayo katika yote.

Juu ya yote hayo ilikuwepo filamu moja, Mpangaji wa Chini. Ilikuwa ya kigeni, ya lugha ambayo Mkaguzi hakuijua, naye aliipata kama watu walivyozipata filamu enzi zile: kwenye kanda ya video, imetafsiriwa na mtu mmoja mwenye kipaza sauti, anayeongea juu ya sauti za wote, wanaume, wanawake, mbwa na radi. Mtafsiri wa kanda hiyo alijiita Gramafoni. "Hapa ni Gramafoni, mdomo usiolala," ilianza kanda, na kuanzia hapo mtu mwema wa filamu akawa stelingi na kila asiye stelingi akawa adui.

Familia imepanga nyumba, na chini ya sakafu yupo mpangaji wa zamani asiyetaka kuhama. Karibu na mwisho, stelingi anasimama mbele ya mlango wa chumba cha chini, mkono ameuinua ili abishe. Nyuma yake anatokea mwanamke mwenye uso wa masizi. Anafungua mdomo. Na Gramafoni, ambaye filamu nzima amekuwa akibwata kama mnadi mitumba, ghafla anashusha sauti hadi kwenye mnong'ono.

"Usiingie. Baaado hajalala."

Kisha, chini kabisa ya muziki, inasikika ngurumo nyembamba ya kitu kisicho mtu wala mnyama, na pamoja nayo mapigo laini, pa, pa, pa.

Mkaguzi aliisikia sentensi hiyo kwa mara ya kwanza akiwa mtoto, amejificha nyuma ya kochi la mjomba wake, na tangu hapo hakupata usingizi mzuri wala hakuutaka. Nani hajalala? Kiswahili, alisema, ndicho kilichoiokoa sentensi, maana lugha nyingine zingemlazimisha yule mwanamke aseme kama ni wa kiume, wa kike au ni kitu tu. "Hajalala" halisemi. Na kwa nini "bado"? Bado maana yake zipo saa huyo mtu analala, na saa hizo nyumba ni salama, ila stelingi amekosea wakati. Kwa hiyo mwanamke wa masizi hamtishi mtu. Anamwonea huruma. Mkaguzi aliweza kukaa juu ya hilo "bado" mchana kutwa, na wapo waliowahi kukaa naye kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.

Aliyemharibia raha ni kinyozi. Kinyozi alikuwa mtu mpole mwenye simu nzuri, na siku moja alifukua mtandaoni filamu yenyewe, ile ya asili, safi, isiyo na mtafsiri. Akaitazama, akairudia pale mlangoni mara nyingi. Mwanamke wa masizi anafungua mdomo, kisha anaufunga. Hasemi kitu. Hakuna ngurumo, hakuna pa, pa. Kinyozi akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba, kwamba labda Gramafoni alijitungia.

Mkaguzi alimtazama kwa huruma. Akamweleza, huku mteja amekaa kitini na nusu ya kichwa haijanyolewa, watafsiri wale walikuwa watu wa namna gani. Waropokaji. Neno wasilolijua walilitilia tusi. Wakipitiwa na usingizi waliwaacha watu wapigane kimya kimya hadi waamke. Gramafoni huyo huyo, katika filamu hiyo hiyo, anamwita padri "mzee wa gauni". Debe tupu kama lile litatoa wapi sentensi kama ile? Jibu ni moja: Gramafoni alitafsiri kutoka nakala ya kwanza, kabla wenye filamu hawajaikata, na nakala hiyo imepotea duniani kote isipokuwa mwangwi wake katika kanda hii. Ngurumo ndiyo ushahidi, maana mropokaji hawezi kunguruma vile. Pa, pa, pa ni moyo wa mpangaji. Akaipa fikra hiyo jina, Nadharia ya Mkato, akaahidi kuieleza kwa kirefu Jumamosi ya mwisho wa mwezi baada ya kazi, na kinyozi, kwa upole wake, akawaalika hata watu wa mitaa mingine. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini huyu ngoma ilikuwa ya mwenzake kabisa.

Katika kliniki ya masikio ng'ambo ya korido kulikuwa na dada mmoja aliyepima watu usikivu. Aliwakalisha kwenye kijichumba chenye kuta za sponji, akawavika vipokea sauti, akawaambia wanyooshe mkono kila wakisikia mlio, hata uwe mdogo kiasi gani. Alikuja dukani kukaza mkono wa miwani yake na akaondoka amecheka. Akarudi siku nyingine, na miwani ilikuwa haijalegea.

Alichokipenda kwa Mkaguzi kilikuwepo, tusije tukadhani hakikuwepo. Alipenda kicheko. Alipenda kwamba alipomvalisha mzee miwani mipya, vidole vyake vilipita nyuma ya masikio taratibu, kama mtu anayepanga mayai. Na hakuwahi kumsikia akisema uongo. Mabaya yake yote aliyasema mchana kweupe. Dada huyo naye alikuwa na tabia adimu ya kumwacha mtu amalize kusema. Mkaguzi alidhani huko ni kukubaliwa.

Siku alipomsimulia ile sentensi ya mwanamke wa masizi, wakiwa kwenye ngazi za jengo, yule dada, ambaye sasa alikuwa mchumba wake, alicheka hadi akashika ukuta. Mkaguzi aliumia. Akamweleza uzito wake mpaka muda wa chakula ukaisha. Mwenzake akaanza kusema kwamba baba yake..., na Mkaguzi akamkata akisema kwamba baba zetu wote hawakuzielewa filamu zile, walizitazama tu. Siku nyingine akajaribu tena, kwamba nyumbani kwao maneno hayo..., na Mkaguzi akasema kila nyumba inadhani ina maneno yake. Sikio la kufa halisikii dawa, na huyu alikuwa anapendwa na mtu ambaye kazi yake ni masikio. Mwishowe mchumba akanyamaza. Hakununa. Alinyamaza kama anavyonyamaza kazini, anaposubiri kuona kama mkono utanyooka.

Walipokubaliana Mkaguzi aende Jumapili nyumbani kwao kujitambulisha, mchumba alimkalisha kwenye ngazi zile zile. Akamwambia baba yake alifanyiwa upasuaji wa koo, sauti ilikwenda, ananong'ona tu, kwa hiyo asimtake arudie maneno. Akamwambia ni baba huyo aliyewalea yeye na dada yake, maana mama yao alifanya kazi za zamu za jioni, kisha akafariki wakiwa wadogo. Halafu akasema alilokuja kulisema.

"Sikuombi uwe bubu. Ila Jumapili, kwa baba, mwache mtu mwingine ajue kitu. Siku moja tu."

Mkaguzi akacheka, akauliza itakuwaje mtu huyo akiwa amekosea.

"Nakwambia kweli. Mimi nataka kuolewa na wewe. Lakini siwezi kuzeeka nikiwa mwanafunzi wako. Ukishindwa hata kwa baba, basi tena."

Aliona machoni mwake kwamba si mzaha, akaapa. Aliapa kwa moyo mmoja, kwa kuwa alimpenda, na kwa kuwa hakuona ugumu wowote. Yeye, kwa maoni yake, aliwaacha watu wajue vitu kila siku, mradi wavijue sawasawa.

Jumapili mchana alivaa shati lililopigwa pasi, akabeba mfuko wa machungwa, akaifuata ile nyumba. Ilikuwa safu ya vyumba kuzunguka ua, kamba za nguo zimejaa nepi, ndoo zimepangwa chini ya bomba. Jirani aliyekuwa anaosha sufuria akamwonyesha mlango wa mwisho kwa kidevu. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Mkaguzi akalisafisha koo, akayapanga maneno ya salamu, akainua mkono ili abishe.

Kutoka ndani ukaja mnong'ono.

"Usiingie. Baaado hajalala."

Mkono ulibaki hewani. Nywele zilimsimama, jasho likamtoka mgongoni, kama siku ile nyuma ya kochi la mjomba. Sauti haikuwa ile. Ile ilikuwa nene, na hii ilikuwa hewa inayopita kwenye tundu. Lakini lile "baaado" lilivutwa pale pale, likapinda pale pale, likaanguka pale pale. Mtu anaweza kupoteza sauti akabaki na tuni yake.

Mchumba wake akatokea uani na beseni la nguo mkononi, akamkuta amesimama hivyo. Akatabasamu. "Ndiyo maneno niliyotaka kukwambia," alisema. Ndani kulikuwa na mtoto wa dada yake, babu mtu anambembeleza. Kwao hakuna aliyeruhusiwa kupita mlango ule hadi mtoto alale. Ilikuwa hivyo tangu zamani.

Walisubiri kwenye kizingiti. Baadaye mzee akafungua, mwembamba, kitambaa shingoni, akawakaribisha kwa mkono. Chumba kilikuwa na viti vya mbao, kitanda cha mtoto kwenye kona, na juu ya kabati deki ya video imefunikwa kitambaa cha kufumwa, kama picha ya marehemu. Mkaguzi aliitazama deki, akamtazama mzee, na salamu zote alizozipanga zikampotea.

"Mzee," alisema, "wewe ndiye Gramafoni?"

Mzee alishangaa kwamba duniani bado kuna mtu mwenye jina hilo kichwani. Ndiyo, alikuwa yeye. Kwa mnong'ono wake, akipumzika kila baada ya maneno machache, alieleza kazi ilivyokuwa. Alitafsiria humu humu chumbani, blanketi limetundikwa dirishani kuzuia kelele za ua. Mama watoto alikuwa kwenye zamu, kwa hiyo mkono mmoja ulishika kipaza sauti na mwingine ulimshika mtoto. Mpangaji wa Chini aliikumbuka, kwa sababu ilikuwa mbovu kuliko zote. Lugha yake hakuijua hata neno moja. Alitazama midomo, akakisia. Na wakati yule mama mwenye masizi anafungua mdomo, jamaa aliyekuwa anakuja kuchukua kanda akausukuma mlango, mtoto ndio kwanza anasinzia. Akamwambia asiingie, bado hajalala. Kanda ikameza maneno. Kuirudia filamu nzima kwa ajili ya hilo ilikuwa kujichosha bure.

"Takataka tu ile, mwanangu," alimalizia. "Umeiona mara ngapi?"

Hapo palikuwa mahali pa kucheka. Palikuwa pia mahali pa kulia, kama mtu angependa. Mchumba alikuwa amesimama karibu na kitanda, mkono kwenye ubao wake, anamtazama Mkaguzi usoni bila kupepesa. Na Mkaguzi, mbele ya mtu aliyeitamka sentensi ya maisha yake, katika chumba ilimotamkwa, alivuta pumzi.

"Samahani mzee," alisema. "Sivyo."

Akaanza polepole, kwa heshima tele, na heshima yenyewe ndiyo iliyoudhi. Alisema miaka ni mingi na kumbukumbu huchanganyika. Alisema bila shaka jamaa wa kanda alikuja, ila siku nyingine, kwa filamu nyingine. Akaeleza nakala ya kwanza, akaeleza wenye filamu na mkasi wao. Akamfafanulia Gramafoni kwa nini Gramafoni alishusha sauti mahali pale, na alikuwa anahisi nini. Aliposhika kasi alisahau yuko wapi, akaita watafsiri waropokaji, akasema mzee asijidharau lakini pia asijisifu, sentensi kama ile haiwezi kutoka kwenye kichwa cha mtu anayemwita padri mzee wa gauni. Akafika kwenye ngurumo. Akaiiga. Mtoto akashtuka kitandani.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, na ndipo ilipojulikana binti yake alikoitoa tabia hiyo. Hakukasirika. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia, kazi yake ni ipi vile.

"Miwani," Mkaguzi alijibu.

"Ndiyo maana," mzee alinong'ona. "Unaona mpaka vitu ambavyo havipo."

Mchumba alikuwa ameshamnyanyua mtoto na kumweka begani. Alisema kwa sauti ndogo, wala haikuwa na hasira.

"Aliyekuwa hajalala ni mimi."

Mkaguzi alimgeukia. Alikuwa na nafasi moja bado, nayo ilikuwa pana kama mlango wa ghala. Angeweza kunyamaza tu na ingetosha.

"Sikatai kwamba ulikuwepo," alisema. "Lakini..."

Hilo "lakini" lilimaliza kazi. Mchumba alimkabidhi mzee mtoto, akamsindikiza mgeni mlangoni, wala hakuupokea mfuko wa machungwa ambao mgeni alikuwa bado ameubana kwapani. Kisha akaufunga mlango pole pole, kwa kiganja, komeo likaingia bila mlio. Mkaguzi angependa zaidi ubamizwe.

Njiani alikuwa bado anabishana. Alimshinda mzee mara nyingi kati ya ile nyumba na chumba chake. Alipofika hakuvua hata viatu, aliwasha televisheni, akaitia kanda mashineni, akaisogeza hadi pale mlangoni, ili apate ushahidi wa kumnyamazisha yule mzee na kumrudisha mchumba wake kwenye akili. Akapandisha sauti hadi mwisho, akakaa karibu, sikio kwenye kitambaa cha spika. Nje bado palikuwa na mwanga, watoto wa mtaani wanakimbizana.

"Usiingie. Baaado hajalala."

Na ngurumo ikaja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Mkaguzi aliisikia. Ilikuwa mtoto mchanga anayeukataa usingizi. Ule mguno wa puani, kisha kimya, kisha mguno tena, wenye uchovu na ubishi. Moyo wa mpangaji, pa, pa, pa, ulikuwa kiganja cha mtu kinachopiga mgongo mdogo. Hata jamaa wa kanda alikuwepo, kule mbali: mlango ulilia, ukarudi. Yote yalikuwamo siku zote. Hakukuwa na kitu kilichofichwa.

Alirudisha nyuma, akasikiliza. Akarudisha tena. Aliona aibu kali, aibu ya kumfanya mtu afunike uso akiwa peke yake chumbani. Kwa maisha yake yote alikuwa amewaeleza watu wazima, kwa kidole kilichonyooshwa, maana ya mguno wa mtoto. Na mtoto mwenyewe amekaa naye kwenye ngazi, anajaribu kumwambia, naye anamkata. Nyani haoni kundule, na huyu nyani alikuwa anauza miwani. Lakini aibu haikuwa kubwa kuliko kile kingine. Alikuwa amebaki na sauti ya utotoni ya mchumba wake kwenye kanda, na yeye mwenyewe amemwacha nyuma ya komeo. Alilia, tena vibaya, kwa kwikwi, kama watu wanavyolia katika filamu alizozidharau.

Wiki hiyo mlango wa kliniki ulifunguka na kufungwa, na mchumba alimsalimu koridoni kama anavyosalimiwa mlinzi. Jumamosi ile iliyoahidiwa mabenchi ya kinyozi yalijaa watu wa mitaa mingine. Kinyozi akapokea ujumbe kwenye simu yake nzuri, akausoma kwa sauti, kisha akausoma tena kwa kuwa hakuna aliyeamini. Ulisema: Leo sina la kusema. Wakaweka filamu mpya, ya binti anayeshuka stoo, na hakuna aliyeisimamisha.

Jumapili Mkaguzi alirudi kwenye ile nyumba. Hakubeba machungwa wala kanda. Jirani wa sufuria alimtazama kwa jicho la mtu anayejua habari yote, kisha akaendelea kusugua. Mlango wa mwisho ulikuwa umefungwa. Aliinua mkono abishe, na ndani akasikia mguno wa puani, kimya, mguno tena, na kiganja kikipiga pole pole.

Akaushusha mkono. Akakaa kwenye kizingiti, magoti yamekaribia kidevu, akasubiri. Maneno yalimjia, mengi, ya kuomba radhi na ya kujieleza, mengine mazuri sana. Aliyaacha yapite. Jua lilisogea ukutani. Jirani alimaliza sufuria zake akaingia ndani.

Baadaye komeo lilivutwa, na mchumba akatoka na beseni la maji machafu. Alimwona pale chini miguuni pake, akasimama. Mkaguzi hakuinuka. Aliuliza kwa mnong'ono, naye alikuwa hajui jibu na hakulikisia.

"Amelala?"

Mchumba alimtazama kwa muda, beseni mikononi, kama anayehesabu ni mlio gani mtu huyu amesikia na upi umempita. Akayamwaga maji kwenye mfereji.

"Bado," alisema, akarudi ndani. Mlango aliuacha wazi kidogo.